Kinyozi wa Maziwa

Kabla hamjaendelea kusoma, nendeni jikoni mkate kipande cha ugali uliolala. Tieni mdomoni bila mboga na bila chumvi. Tafuneni, msimeze. Endeleeni hata taya zikichoka na watu wa nyumbani wakianza kuwatazama vibaya. Baada ya muda mtasikia utamu ukija kwa mbali, kama kwamba mtu ametia sukari kidogo sana. Hakuna aliyetia. Ni mate yenu yanaukata unga wa mahindi vipande vidogo, na vipande hivyo ndiyo sukari.

Ndani ya mate kuna wakataji. Vitabuni mwenu wanaitwa vimeng'enya. Mimi nilifanya kazi navyo miaka mingi kabla sijalisikia jina hilo, kwa sababu nilikuwa mtengeneza jibini. Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, huku Kapseret, nje ya Eldoret, upande ambao ndege zikishuka hupita juu ya ng'ombe na ng'ombe hawainui hata kichwa. Sasa nimestaafu. Nimesikia wengi wenu mnasomea mambo ya maziwa pale chuoni Chepkoilel, na wengine mmeanza vibarua katika viwanda vidogo vinavyochipuka kila upande. Haya ninayoandika ni yenu.

Aliyenifundisha ni Mzee Wafula. Alitoka upande wa Bungoma kutafuta kazi, akaanza kwa kuosha mikebe, akaishia kuwa mkubwa wa chumba cha jibini. Alikuwa na kipara kinachong'aa na sauti ya kuimbia kwaya, na hakupenda maswali ya asubuhi. Siku yangu ya kwanza nilimwona akitia dawa kidogo, kiasi cha kikombe cha chai, ndani ya tangi la maziwa ambalo mtu angeweza kuoga ndani yake. Nikamwambia, "Mzee, hiyo si kidogo sana?"

"Wewe msichana," akasema, "umewahi kumwona kinyozi akiisha kwa sababu amenyoa kichwa kimoja?"

Nikasema sijaona.

"Basi kaa pale utazame."

Alisubiri mpaka tulipokuwa tunakunywa chai ndipo akanieleza. Ndani ya maziwa, alisema, kuna vidonge vya protini, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Kila kidonge kina nywele. Nywele hizo ndizo zinazovizuia visigusane, kwa hiyo vinaogelea kila kimoja peke yake na maziwa yanabaki maji. Dawa ya kugandisha, ambayo wenye kuisomea huiita reneti, ni kinyozi. Inashika kidonge, inanyoa nywele, inakiacha, inashika kingine. Haimaliziki. Vidonge vikishabaki vipara, vinagusana, vinashikana, na maziwa yanaganda.

"Lakini Mzee," nikamwambia, "wewe una kipara na hujashikana na mtu."

"Muulize Mama Nasimiyu," akajibu, akimaanisha mke wake, na chumba kizima kikacheka.

Baadaye nilisoma vitabu viwili vitatu, na nikakuta vinaeleza jambo hilohilo kwa maneno marefu. Lakini mkono wangu ulifuata kinyozi wa Mzee Wafula mpaka siku ya kustaafu. Ukimjua kinyozi, unajua karibu kila kitu kinachoweza kuharibika.

Kwanza, kinyozi hapendi baridi. Mnaijua Eldoret ya mwezi wa saba, ile baridi ya kukufanya uongee na mikono ikiwa kwapani. Maziwa yakiwa baridi kinyozi bado yupo, ila vidole vimekufa ganzi, ananyoa polepole. Ukiona maziwa hayajaganda usikimbilie kuongeza dawa. Yapashe moto kidogo, umpe nafasi. Joto zuri ni lile ambalo ukiingiza kiwiko husikii moto wala baridi.

Pili, na hapa ndipo wengi huanguka, kinyozi aliyeungua harudi kazini. Baridi inamchelewesha tu, lakini moto unamkunja. Umbo lake ndilo wembe wake, na umbo likishakunjika hata uyapoze maziwa namna gani hakuna kitu. Ni kama yai. Nani kati yenu ameshawahi kulirudisha yai la kuchemsha kuwa bichi?

Tatu, usimpe sumu. Kulikuwa na mwenzetu mmoja msafi kuliko sisi wote, mtu wa kufuta hata kitasa cha mlango. Asubuhi moja aliosha jagi la kupimia kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, asilisuuze vizuri, kisha akatia reneti humo. Tukangoja. Tukanywa chai, tukarudi, maziwa yalikuwa maziwa. Mzee Wafula akalinusa lile jagi, akatuangalia mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu. "Mmemnywesha kinyozi sumu halafu mnamdai kazi," akasema. Tukachukua jagi lingine na dawa mpya, na maziwa yakaganda kama kawaida. Tangu siku ile maji ya kuzimulia dawa yalikuwa ya mvua, au yaliyochemshwa yakapozwa, kwa sababu hata maji ya bomba siku nyingine huja na dawa nyingi ya kuua vijidudu.

Mambo haya hayaishii kwenye jibini. Mama zenu wakifunga nyama ngumu ya jogoo mzee kwa majani ya mpapai, wanamwajiri mkataji. Koti la kazi lililokaukiwa na maziwa, ukililoweka kwenye maji yanayochemka pamoja na sabuni ya unga yenye wakataji hao, unawaua kabla hawajaanza. Maji ya vuguvugu yanatosha. Na hayo mahindi mnayokula baada ya mbio za asubuhi, tumboni mwenu yanakabidhiwa wakataji wengine ambao hamjawahi kuwashukuru.

Kila mkataji ana kazi yake moja. Wa mate anajua unga, hajui nyama. Wa mpapai anajua nyama. Niliwahi kudhani ninalielewa jambo hilo. Mama Halima ndiye aliyenionyesha jinsi lilivyo.

Nilikuwa tayari nimestaafu. Mama Halima ni mfanyabiashara wa maziwa ya ngamia mjini, ana kibanda si mbali na msikiti. Maziwa huletwa alfajiri kutoka kaskazini, ya ngamia wa familia yao wanaochungwa na kaka yake mkubwa, Mzee Abdi. Alifika kwangu kwa bodaboda akiwa amekumbatia mtungi wa plastiki uliofungwa gunia bichi, na hata chai hakuingoja.

"Mama Kip," akasema, maana mtoto wangu wa kwanza ni Kiprono, "mvua imenyesha kwetu. Ngamia wote wana maziwa. Watu wa Eldoret wanakunywa, wanakunywa, wanashiba. Yanayobaki namwaga. Jana nimemwaga mtaroni, walahi nilifunga macho."

"Pole sana."

"Pole yako ngoja kwanza. Kaka yangu amesikia. Anasema kama ni kumwaga, afadhali auze ngamia wa maziwa kwa watu wa nyama, tufunge kibanda. Ijumaa anakuja baada ya swala kuniambia uamuzi wake. Nimeambiwa wewe ni bingwa wa jibini. Nigandishie."

Nilimwambia kitu kimoja kabla ya kuanza: nilikuwa nimesikia kwamba maziwa ya ngamia ni magumu kugandisha, lakini sijawahi kujaribu mwenyewe. Akasema, "Basi leo utajaribu."

Nilikuwa na kopo dogo la reneti ya unga, ile ya siku hizi inayotengenezwa kwa vijidudu. Zamani kiwandani tulitumia tumbo la ndama anayenyonya, lililokaushwa na kulowekwa, kwa sababu humo ndimo kinyozi anakokaa. Ndama akinyonya, maziwa huganda tumboni ili yasipite mbio kama maji. Kisha yakaja makopo ya unga, na wateja Waislamu wakaanza kuuliza huyo ndama alichinjwa na nani, nasi tukahamia kwa ile ya vijidudu. Lakini hata hiyo ya vijidudu, kinyozi wake ameigwa kutoka kwa ng'ombe.

Nikayapasha maziwa ya Halima vizuri ili yawe salama, nikayapoza mpaka joto la kiwiko, nikatia dawa. Tukangoja. Hakuna kitu. Nikaongeza dawa. Nikafunika sufuria kwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Mwishowe tulipata vipande vyembamba vinavyoelea, vilivyopita kwenye kitambaa pamoja na maji yake.

Halima akachungulia. "Mama Kip, hii ni chai bila majani."

"Yako ndiyo magumu."

"Maziwa yangu hayana shida. Wanayanywa watu wa kila kabila."

Tulijaribu tena kesho yake, kwa joto zaidi kidogo, na chumvi ya kalsiamu ambayo husaidia maziwa dhaifu. Ikawa vilevile. Siku ya Ijumaa ilikuwa inakaribia na Halima alikuwa ameacha utani. Alikaa kwenye kigoda changu, akavua viatu, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Hii dawa yenu hasa inatoka wapi?"

Nikamweleza yote, pamoja na ndama na tumbo na kinyozi na nywele.

"Ndama wa ng'ombe?"

"Wa ng'ombe."

Akaniangalia. "Sasa unashangaa nini, abaayo?" Hilo ndilo neno lao la kumwita dada. "Mtoto wa ng'ombe anagandisha maziwa ya mama yake. Maziwa ya ngamia yatamjua kwa nini? Mtafute mtoto wa ngamia."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nimewasimulia vijana wengi habari za kinyozi huyo, na sikuwahi kujiuliza kama amefundishwa nywele za kila mnyama. Nywele za vidonge vya ngamia zimekaa vingine. Kinyozi wa ng'ombe anapapasa, hapati pa kuweka wembe.

Halima akapiga simu kwao palepale. Kwa bahati, ndama mmoja anayenyonya alikuwa ametumbukia kwenye korongo akavunjika miguu, nao walikuwa wamemchinja kwa halali. Tumbo lake lilikuwa limekatwa vipande na kuanikwa kivulini. Vipande vikaja pamoja na maziwa, na asubuhi ya Alhamisi Halima alikuwa mlangoni kwangu na bakuli lenye kifuniko.

"Nimekuletea tayari," akasema kwa furaha. "Vilinuka, nikaviosha, nikavichemsha vizuri kabisa. Hata nzi hajagusa."

Nikafungua bakuli. Vipande vilikuwa vyeupe na laini, vimeiva kama matumbo ya hotelini.

"Halima," nikasema, "umempika kinyozi."

Alielewa mara moja, kwa sababu yai la kuchemsha nilikuwa nimemtajia. Akaweka mkono mdomoni. Mimi nikaanza kuhesabu kichwani kama gari lingine kutoka kaskazini lingefika kabla ya Mzee Abdi. Lisingefika.

"Umechemsha vyote?"

"Kile kibaya sikuchemsha," akasema polepole. "Kulikuwa na kimoja kimekauka kama soli ya kiatu. Niliona aibu kukuletea. Nimekiacha kibandani."

 Nilimwita mwenye bodaboda aende akakilete, kwa sauti iliyowafanya majirani watoke kuangalia.

Hapa sasa shikeni kalamu, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Kile kipande nilikisafisha kwa maji ya mvua yaliyopozwa, bila sabuni. Nikakikata nyuzi nyembamba ili kila sehemu iguse maji. Nikaziloweka kwenye maji ya jibini ya ng'ombe, yale yanayotoka maziwa yakishaganda, yaliyochacha kidogo, na chumvi, kisha nikaweka mahali pa baridi mpaka asubuhi. Uchachu una sababu yake: kinyozi aliyekaushwa amelala na wembe wake umefunikwa, na uchachu ndio unaomwamsha. Asubuhi nikachuja kwa kitambaa mara kadhaa. Nikapata maji ya kahawia kidogo, yasiyopendeza kunusa, na machache kuliko nilivyotaka.

Usitie dawa usiyoijua kwenye sufuria kubwa. Nilichukua mabakuli mawili madogo, moja la maziwa ya ngamia na jingine la maziwa ya ng'ombe wangu, nikatia matone katika kila moja. Halima alikuwa amesimama nyuma yangu, ananipumulia shingoni.

Ya ng'ombe yaliganda kwanza. Nikaliinamisha bakuli na hayakumwagika. Halima akaanza kulalamika kwamba hata kinyozi wa kwao ameenda kuwahudumia majirani. Kisha nikaligusa bakuli la pili. Uso wa maziwa ulitikisika wote kwa pamoja, kama uji uliopoa. Nikaingiza ncha ya kisu, nikainua, na maziwa yakapasuka mstari mmoja safi.

"Allahu akbar," Halima akasema, kisha akaanza kucheka. "Mama Kip, umeona? Ngamia anajua kumnyoa ng'ombe. Ng'ombe hajui kumnyoa ngamia."

"Usiringe. Bado sufuria."

Sufuria ilifuata. Maziwa ya ngamia hata yakiganda hayawi magumu kama ya ng'ombe, kwa hiyo niliyakata vipande vikubwa kwa mkono mwepesi, nikayaacha yatoe maji yenyewe, nikayamimina kwenye kitambaa bila kuyasukuma. Nikatia chumvi. Nikaweka sahani juu, na juu ya sahani kopo la mafuta ya kupikia, si jiwe. Jiwe lingeyarudisha kuwa maji. Alasiri nilipofungua kitambaa kulikuwa na jibini laini, nyeupe kabisa, si kubwa, lakini imesimama.

Mzee Abdi, ambaye Halima alimwomba aje kwangu, alikuja moja kwa moja kutoka mjini. Ni mtu mrefu, mkavu, ana kijiti cha kupigia mswaki kwenye kona ya mdomo. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukizoea.

"Hii ni maziwa yetu?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Mmeongeza ya ng'ombe?"

"Hata tone," Halima akasema.

Akatoa kijiti mdomoni, akakata kipande kwa kisu chake mwenyewe, akala. Akatafuna muda mrefu kuliko jibini laini inavyohitaji. Halima alikuwa akisokota kona ya ushungi wake.

"Haina moshi," akasema.

Halima akafunga macho. Lakini mimi nilimwelewa kaka yake. Wao hufukiza vyombo vyao vya maziwa, na sisi huku tunatia mkaa kwenye kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Maziwa yasiyo na moshi hata mimi nayaona yako uchi. Nikamwambia moshi si shida, tunaweza kufukiza chombo cha kuihifadhi.

"Inakaa?"

"Kwa chumvi na mahali pa baridi, inakaa kuliko maziwa."

"Na dawa? Kila wiki nichinje ndama? Nikichinja ndama, mama yake atanipa maziwa gani?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja. Nikamweleza kwamba siku hizi watu wamechukua siri ya kinyozi wa ngamia wakawafundisha vijidudu, navyo vinamtengeneza bila ndama kuguswa. Huuzwa nje, na wapo mawakala Nairobi wanaoagiza. Halima atawauliza mashehe wake kwanza kama ni halali. Bei yake si ya mchezo na itachelewa kufika, lakini kopo dogo litanyoa maziwa ya msimu mzima, kwa sababu kinyozi huyo hamaliziki. Kwa sasa maji ya kile kipande yalibaki kidogo, ya kutengeneza nyingine ya kuwaonyesha wanunuzi.

 Mzee Abdi akakata kipande cha pili. Kisha akafuta kisu kwenye goti, akatoa simu, akatoka mlangoni, akaanza kuongea Kisomali kwa sauti ya juu kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Sikuelewa neno. Nilimwangalia Halima. Alikuwa ameacha kusokota ushungi.

"Anasema nini?"

"Anawaambia wamteremshe yule jike mweupe kwenye lori." Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa anacheka. "Walikuwa wameshampakia na wenzake. Anasema wateremshe wote."

Mzee Abdi akarudi, akajifanya haoni dada yake akijifuta uso. Akakata kipande cha tatu.

"Mama," akaniambia, "huo moshi wenu ni wa mti gani?"

Nikamwambia ni senetwet, na kwamba uko nyuma ya nyumba, avae viatu twende akauone.